Neno Lililombakia Owino

Komarock hakuna maji ambayo hata jani linaweza kuelea, ila siku bomba la mtaa likipasuka. Ndiyo maana majirani walicheka mpaka wakashika mbavu siku Sylvance Owino alipoanza kuunda mashua kwenye uwanja mdogo wa kuegesha magari, mbele ya nyumba aliyopanga. Alikuwa amestaafu kazi ya reli, na mikono yake haikujua kukaa bure. Alinunua mbao za playwudi, akawa anafuata video kwenye simu, anasimamisha, anakata, anairudisha nyuma, anakata tena. Mkewe Kasiva alipika chapati akisikia msumeno, akafua akisikia msumeno, akaomba akisikia msumeno.

"Nuhu!" walimwita kutoka madirishani. "Mvua ni lini?"

"Nyinyi chekeni tu. Mlango wa safina ukifungwa msije mkanibishia hodi."

"Kwani huko unavua samaki gani, mzee?"

"Sivui. Natembea."

"Unatembea kwa maji? Bila kazi?"

"Na wewe ukienda kutembea mjini Jumapili, huwa unavua nini?"

Lakini hata ndugu zake Owino mwenyewe walikuwa hawamwelewi. Kwao ni Usenge, kando ya ziwa, na huko mtu haingii majini ila ana nyavu, ana mzigo, au anavuka kwenda matangani. Kuingia kwenye mashua, ukapiga makasia hadi katikati, ukakaa ukitazama maji, kisha ukarudi mikono mitupu na uso umekunjuka, hiyo kwao ilikuwa dalili ya mtu wa kuombewa. Kaka yake mkubwa, Awiti, alikuwa mvuvi, na ziwa lilimchukua wakati Owino bado anasoma. Tangu hapo Owino alipenda maji ya watu wengine.

Maji aliyoyapenda zaidi ni ya bwawa la Masinga. Kimanzi, kaka yake Kasiva, ni mchongaji wa vinyago, na ana pikapu anayobebea twiga na vifaru vyake vya mti. Jumamosi ambazo hana oda, waliipandisha mashua mgongoni mwa pikapu hiyo, wakashika barabara ya Kangundo na kuteremka Ukambani. Makasia yenyewe Kimanzi ndiye aliyeyachonga, kwa jakaranda, na kwenye kila mpini akachora kichwa kidogo cha swala, maana mkono wake haukuweza kuacha mti ukiwa uchi.

Kasiva alikwenda nao mara moja tu. Aliogopa maji tangu utoto. Owino alimkalisha nyuma ya mashua, akakaa mbele yake wakitazamana, akaanza kuvuta.

"Sasa mbona umeipa safari mgongo?" Kasiva aliuliza, ameshika ubao kwa mikono miwili.

"Ndivyo makasia yalivyo, Mama Jacky. Anayevuta anaona alikotoka. Anayekaa hapo ulipo ndiye anaona tunakokwenda. Wewe sema kulia, sema kushoto, mimi kazi yangu ni kuvuta."

"Nikikosea je?"

"Tutagonga jiwe pamoja." Akacheka. "Mashua bila kamba hupotea. Unafikiri kwa nini nilioa Mkamba?"

Alicheka naye, ingawa mikono haikuachia ubao. Waliporudi nchi kavu aliapa hatapanda tena, na hakupanda.

Basi ikaja habari ya kuhama. Nyumba ya Komarock ilikuwa ya kupanga, na mtu aliyestaafu hana sababu ya kuzeekea kwenye saruji ya mtu mwingine. Owino akawa anatafuta maji ya kuzeekea kama kijana anayetafuta mchumba. Alikwenda Naivasha, akarudi akisema viboko ni wengi kuliko njia za kufikia maji, kila ufuo una ua wa tajiri. Alikwenda Mombasa, akakaa kwa rafiki yake, akarudi. "Bahari haina ng'ambo," alisema. "Nataka maji ambayo nikiyatazama naona yanaishia wapi."

Yakabaki maji mawili. Masinga palikuwa patulivu, dada zake Kasiva wakikaa karibu, zahanati haiko mbali, ingawa ukame ukizidi maji hukimbia na kuacha tope lenye mamba. Usenge palikuwa kwao. Kulikuwa na mawimbi, na magugumaji siku nyingine yakifunga ufuo kama zulia, na kulikuwa na Awiti.

Kasiva aliitaka Masinga. Hakuficha. Alitaka asubuhi aamke asikie Kikamba nje ya dirisha, baada ya miaka yote hiyo.

"Jumapili tukitoka kanisani nitasema," Owino alimwambia. "Nimeshaamua. Wacha nimalize kupaka vanishi kwanza."

Jumamosi alasiri Kasiva alisikia brashi ikianguka sarujini. Hakusikia kishindo cha mtu, kwa sababu Owino alikuwa ameanguka ndani ya mashua.

*

Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yake yote, yale ya Kiswahili, ya Kiingereza cha ofisini, na hata ya Kiluo alichonyonya. Aliporudishwa nyumbani kutoka hospitalini, kinywa kimeinama upande mmoja, alikuwa amebakiwa na neno moja.

"Yie."

Kasiva alipolisikia mara ya kwanza alilia kwa furaha, kwa sababu alilijua. Kiluo chake kilikuwa cha kununulia dagaa wa omena, lakini neno hilo lilikuwa limepigiliwa nyumbani mwake kwa misumari. Yie ni mashua. Miezi yote ile mumewe akiunda alikuwa akisema, natoka kidogo niangalie yie yangu, usiguse yie rangi haijakauka. Kwa hiyo kila aliposema "yie," Kasiva alisukuma kiti cha magurudumu hadi uwanjani, akafunua turubai, akamwacha atazame. Siku nyingine alimletea kasia moja alishike mapajani kwa mkono wa kushoto. Owino alikipapasa kile kichwa cha swala kwa kidole gumba na kutulia.

"Unaona?" Kasiva alimwambia binti yao Jacklyne kwenye simu. "Moyo wake uko kwa boti. Tumpeleke Masinga."

Jacklyne alikuwa akikaa Pipeline, ghorofa ya sita isiyo na lifti, na mtoto mchanga. Angewachukua wazazi wake kwake hata leo, lakini baba angepandishwa ngazi zile na nani?

"Sawa, mama," alisema. "Lakini Waya amejua? Unajua hawezi kunyamaza."

Waya ndivyo Jacklyne alivyomwita shangazi yake, Phelister, dada yake Owino. Phelister ndiye aliyemlea Owino mama yao alipofariki, akauza samaki ili asome. Sasa alikuwa mama wa kanisa huko Baba Dogo, mwenye sauti ya kufikia kiti cha nyuma bila kipaza sauti. Na kweli, hakunyamaza. Jumapili iliyofuata aliingia na kitenge chake cha kanisani na mkoba mweusi, akawakuta wote: Kimanzi amekuja na nyama, Jacklyne amekuja na mtoto mgongoni.

"Nyar Kamba," alimsalimu Kasiva, kama alivyomwita tangu alipoolewa, binti wa Wakamba. Wakati mwingine lilikuwa tusi na wakati mwingine mapenzi, na Kasiva alikuwa ameacha kupima.

"Karibu, dada. Chai iko."

Phelister hakuketi. Alipiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu, akashika mkono ule uliokufa, akauliza polepole kwa Kiluo, akimwita ndugu: "Owino, owadwa. Wadhi dala?"

Wote walielewa swali hilo. Twende nyumbani?

Owino alimtazama dada yake kwa muda. Midomo ikahangaika.

"Yie," akasema.

Phelister alipiga kigelegele ambacho kilimwamsha mtoto mgongoni. "Mmesikia? Amekubali! Bwana asifiwe, amekubali!"

"Amekubali nini?" Kasiva alisimama na birika mkononi. "Ameomba boti yake. Yie ni boti."

"Boti?"

"Boti! Si nimeishi na hilo neno? Yie!"

Phelister aliinuka kwa shida, akijishikilia kwenye kochi. "Nyar Kamba, hicho Kiluo chako ni cha sokoni. Yie ni mashua, ndiyo. Na yie ni kukubali. Neno ni hilo hilo moja. Mtu akikuuliza jambo ukasema yie, umekubali. Mimi nimeuliza. Yeye amejibu. Umetaka ajibu vipi, kwa barua?"

Kasiva aliweka birika chini. Alimgeukia binti yake. "Jacky, ni kweli?"

"Mama, usiniulize mimi. Mimi Kiluo changu ni cha salamu, na Kikamba pia ni cha salamu. Mlinizalia Eastlands."

"Basi na mimi nitauliza," Kasiva alisema. Akachuchumaa mahali alipokuwa Phelister. "Baba Jacky. Twende Masinga?"

"Yie," Owino akasema, kwa sauti ile ile.

"Haya!"

"Haya nini?" Phelister alifoka. "Umemuuliza kwa Kiswahili! Ulimi wake uko Kiluo sasa!"

"Wacheni niulize na mimi," Kimanzi alisema kutoka mlangoni, akijaribu kupooza mambo. "Shemeji, hii nyama tuichome ama tuichemshe?"

"Yie."

Jacklyne alicheka, kisha akaziba mdomo, kisha kicheko kikageuka kilio. Hapo Kasiva aliona kwamba mumewe alikuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliye nyuma ya kioo, anayeona midomo ikienda.

Angeweza kuacha. Lakini alikuwa na hasira, na hofu, na Masinga ilikuwa inamponyoka vidoleni. Alitaka swali ambalo Owino hawezi kulikubali kamwe, ili ijulikane mara moja neno lile ni nini. Akamshika magoti.

"Baba Jacky. Ile mashua. Tuiuze?"

Macho ya Owino yalipanuka. Mkono wa kushoto uliruka ukaikamata leso ya Kasiva kifuani, ukaikunja, ukaivuta.

"Yie! Yie! Yie!"

Mate yalimtoka, na machozi. Nje mtu alizima redio yake. Phelister alianza kusema, "Amekubali iuz—" akaishia hapo hapo, kwa sababu hata yeye hakuamini. Inaweza kuwa alikuwa anaipigania mashua. Inaweza kuwa alikuwa anasema uzeni, uzeni yote, nimechoka. Hakuna aliye ndani ya nyumba ile ambaye angeweza kula kiapo.

"Tunamtesa huyu mtu," Kimanzi alisema taratibu. "Sisi wote."

Kasiva alimfuta mumewe uso kwa ncha ya leso. Yeye ndiye aliyeuliza. Kwa nia mbaya au nzuri, yeye ndiye.

"Mtoeni nje," alisema. "Mumweke kwenye boti yake. Kama ni kukaa hapa tukimtafsiri kama redio ya kigeni, afadhali akae mahali anapopenda."

*

Kimanzi alimshika kwapani, Jacklyne akamwachia Phelister mtoto na kushika miguu. Mashua ilikuwa imekalia tairi kuukuu, pua yake ikielekea lango la uwanja. Walimweka Owino kwenye ubao wa katikati na kumwegemeza kwa mito. Madirisha yalifunguka. "Nuhu anaingia safina!" mtoto mmoja alipiga kelele, kisha likasikika kofi dogo na dirisha likafungwa.

Kasiva aliingia kwa nyuma. Hata juu ya tairi, mashua iliyumba kidogo, naye akashika ubao kwa mikono miwili kama ile siku ya Masinga. Akaketi akitazamana na mumewe.

Owino alipata kasia la kushoto. Alilivuta. Ncha ikakwaruza saruji. Akalivuta tena. Kasia la kulia lilining'inia pale lilipo, swala wake akitazama chini. Kasiva hakujua mengi ya mashua, lakini hilo alilijua: kasia moja halikupeleki popote, linakuzungusha tu. Owino naye alijua. Aliendelea kuvuta hivyo hivyo, anahema, macho kwa mkewe.

Anayevuta anaona alikotoka. Anayekaa hapo ulipo ndiye anaona tunakokwenda.

Kasiva aliinua macho, akatazama juu ya bega la mumewe, kule mashua inakoelekea. Aliona lango. Mbele ya lango alikuwa amesimama Phelister, kitenge cha kanisani, mtoto wa Jacklyne begani, anambembeleza huku machozi yakimdondoka bila kuyafuta.

"Dada," Kasiva alimwita. "Nikuulize kitu. Unijibu kweli, usinijibu kikanisa."

"Uliza."

"Akifia Masinga, mtafanya nini?"

Phelister alimhamishia mtoto bega la pili. "Tutakuja tumchukue."

"Hata nikikataa?"

"Hata ukikataa. Wazee watakuja, tutaenda kortini, na mwisho tutamchukua. Wewe unajua."

"Na mkimfikisha kwenu, mtamlaza wapi?"

Hapo sauti ya kufikia kiti cha nyuma ilikwisha. "Hana boma lake," Phelister alisema. "Hajawahi kujenga. Mtu ambaye hajafungua boma lake akiwa hai hazikwi ndani. Tutamlaza nje ya ua wa baba yetu, kama mgeni. Unafikiri kwa nini ninakimbia hivi? Unafikiri nataka kukunyang'anya mume? Nataka aingie akipumua. Hata kama ni kwa kubebwa. Aguse nguzo ya lango kwa mkono wake, hata kama ni huo mmoja. Nilimlea, Kasiva. Siwezi kumwona nje ya ua."

Alikuwa hajawahi kumwita Kasiva kwa jina. Wote walisikia.

Kasiva alitazama mikono yake. Aliifikiria Masinga, dada zake wakija na maziwa ya mbuzi asubuhi, sauti ya lugha yake. Angeweza kukaa na Owino huko mwaka mmoja, labda miwili, kwenye maji matulivu. Kisha lingekuja gari kutoka upande wa ziwa, na Owino angekwenda Usenge amelala, bila kuliona. Huko angekwenda tu. Kilichobaki kuamuliwa ni kama atakwenda akiwa anaona maji.

Na kulikuwa na jambo jingine, chungu zaidi. Wiki zote zile alikuwa amelichukua neno la mumewe na kulielekeza alikotaka yeye. Phelister alikuwa amefanya hivyo hivyo kwa dakika moja.

"Mtu akitaka kusema nimekubali kwa Kiluo," Kasiva alisema, "mimi mwenyewe, si yeye. Anasemaje?"

Phelister alimtazama. "Ayie."

"Haya. Ayie." Lilitoka na lafudhi ya Machakos, lakini lilitoka. "Tutakwenda dala. Lakini sikilizeni, na Kimanzi uwe shahidi. Asije mtu huko akasema Owino ndiye aliyekubali. Hatujui alikubali nini. Aliyekubali ni mimi. Mambo yakiharibika, nilaumiwe mimi."

"Mwiitu wa mwaitu," Kimanzi alimwita, kama walivyoitana utotoni, dada wa tumbo moja. "Na sisi je? Huko utakaa na nani?"

"Mtakuja. Si una pikapu?" Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Na boti inakwenda. Siku ziwa likitulia, aingizwe majini. Sitaki kusikia habari za kazi, wala za samaki. Atembee tu."

"Ziwa lile lilimchukua Awiti," Phelister alisema.

"Najua Awiti."

"Na wewe unaogopa hata beseni."

"Naogopa. Nitakaa nikiogopa hivyo hivyo."

Owino alikuwa ameacha kuvuta. Kifua kilipanda na kushuka. Jasho lilimteremka kwenye ule upande wa uso ambao bado ulikuwa wake.

"Yie," alisema.

Hakuna aliyetafsiri.

Kasiva aliinuka kwa tahadhari, akahama kutoka nyuma, akajibana kando ya mumewe kwenye ubao wa katikati, upande wa kulia. Mkono ule mzito wa Owino uliangukia pajani pake akauacha hapo. Akashika kasia la pili. Lilikuwa zito kuliko alivyofikiri, na mpini ulikuwa laini mahali ambapo kiganja cha mtu kimezoea.

"Mama," Jacklyne alisema, "sasa nyote mmegeuka. Nani anaangalia mbele?"

Hakusubiri jibu. Alikwenda akamchukua mtoto kwa Phelister, akapanda mashuani, akaketi pale nyuma alipotoka mama yake, mtoto mapajani, akatazama kule langoni.

"Haya," alimwambia baba yake. "Mimi ndiye macho. Buda, nyoosha."

Owino alivuta. Kasiva akachelewa, akavuta. Makasia yakakwaruza saruji, moja, kisha jingine, hayajapatana bado. Phelister alisogea kando, akawapisha, kana kwamba palikuwa na mahali pa kupita.